Jeanne Toussaint: mwanamke aliyeyasemesha mawe

Kila mwaka ninapoanza kufundisha somo la semantiki, yaani taaluma ya maana, huwaonyesha wanafunzi wangu picha ya pambo moja dogo. Ni bizimu, pambo lenye pini ambalo mwanamke hulifunga kifuani au begani mwa vazi lake. Bizimu hilo lina umbo la tundu la dhahabu, na ndani ya tundu mna ndege mdogo wa marijani nyekundu, lazuli ya buluu na almasi nyeupe. Huwauliza wanafunzi: ndege huyu anasema nini? Wengi hujibu kwamba hasemi lolote, kwa kuwa jiwe halina ulimi. Ndipo huwaarifu kwamba bizimu hilo liliundwa jijini Paris mwaka 1942, wakati jiji hilo lilipokuwa chini ya majeshi ya Hitler, na kwamba nyekundu, buluu na nyeupe ni rangi za bendera ya Ufaransa. Hapo darasa hunyamaza. Kila mmoja huwa amekwisha kusikia yale ambayo ndege yule alikuwa akiyasema.

Aliyeamuru ndege yule aundwe aliitwa Jeanne Toussaint. Wapenda vito duniani wanalijua vyema jina hilo, ila sidhani kama mwanafunzi mmoja katika mia moja wa hapa kwetu amewahi kulisikia. Nimeazimia leo kuusimulia uhai wake kwa ufupi. Lengo langu si kuwasifia matajiri na mapambo yao. Nimeona kwamba katika maisha ya mwanamke huyu mna funzo linalotuhusu sisi tunaoshika chaki, nalo ni funzo ambalo tumelipuuza kwa muda mrefu.

Alizaliwa mwaka 1887 mjini Charleroi, nchini Ubelgiji, katika eneo la migodi ya makaa ya mawe. Kwao hakukuwa kwa masonara wala kwa mabwanyenye. Aliondoka nyumbani akiwa bado kijana, akafika Paris, na huko akaingia katika duru za starehe za jiji hilo kubwa. Alikuwa mmojawapo wa wasichana ambao jamii ya wakati ule iliwaalika karamuni kwa furaha lakini haikuwa radhi kuwakubali kuwa wake wala wakwe. Hakuwa na shahada, hakuhitimu chuo cha sanaa, wala hakuwa na ukoo wa kumtetea. Alichokuwa nacho ni jicho. Namna alivyovaa, alivyoipamba nyumba yake na alivyochagua kitu kimoja akaacha kingine, iliwastaajabisha waliomjua. Miongoni mwa rafiki zake alikuwamo Coco Chanel, mshonaji aliyeibadilisha mitindo ya mavazi ya wanawake wa Ulaya.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa amekwisha kufahamiana na Louis Cartier. Huyu alikuwa mjukuu wa Louis-François Cartier, aliyeanzisha biashara ya vito mwaka 1847, na tangu mwaka 1899 duka lao lilikuwa katika mtaa wa Rue de la Paix, ambako wafalme na matajiri walikwenda kununua mataji na mikufu. Louis na Jeanne walipendana. Familia ya Cartier, hata hivyo, haikukubali ndoa hiyo. Mwanamke mwenye asili na sifa kama zake hakuonekana kufaa kuliongeza jina la nyumba ile. Mnamo mwaka 1924 Louis alimwoa binti wa ukoo wa kifahari kutoka Hungaria.

Msomaji mpenzi, hebu jiweke katika nafasi yake. Waja wengi wangeondoka kwa uchungu na wasirudi tena. Jeanne alibaki. Hakubaki kama mwombaji, bali kama mfanyakazi. Louis, ambaye alimjua kuliko wote, alimkabidhi kazi ya kusimamia mikoba na vitu vidogo vidogo vya wanawake. Kutoka hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka 1933 akawekwa kuwa mkuu wa sanaa ya vito vya hali ya juu katika duka la Paris. Nyumba ile ile iliyokataa kumpokea kama mke ikawa sasa inaamrishwa na jicho lake. Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Hiki hakikuvikwa, bali kilizitengeneza pete zenyewe.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu yeyote anapaswa kulitafakari. Jeanne Toussaint hakuwa mchoraji. Kazi ya kuchora iliachiwa wasanii, miongoni mwao fundi hodari aitwaye Peter Lemarchand, na kazi ya kufua na kupachika iliachiwa masonara wa karakana. Wajibu wake ulikuwa kuona, kueleza, kuchagua na kukataa. Alilitazama jiwe akajua linataka kuwa nini. Aliutazama mchoro akajua umepungukiwa na nini. Kisha alitamka, na wengine wakatenda. Lau angaliingia katika mtihani wa sanaa wa kawaida, ambao humpa mtahiniwa penseli na karatasi na kumtaka achore chungu, nadhani angalianguka vibaya sana. Cheti chake kingalionyesha alama ya chini, na dunia ingalimsahau.

Wafanyakazi wenzake walimjua kwa lakabu ya mnyama. Wafaransa hutumia neno panthère, na mnyama wanayemkusudia ni yule ambaye sisi tunamwita chui. Lakabu hiyo ilimfaa kwa sababu alikuwa mkali, mwenye kujitegemea, na mpenda mavazi na mapambo ya ngozi ya chui. Alama ya chui ilianza kuonekana katika kazi za Cartier mwaka 1914, kwenye saa ya mkononi iliyopambwa kwa almasi na madoa meusi ya oniksi. Hayo yalikuwa madoa tu, bila mnyama. Toussaint na mafundi wake ndio waliomtoa chui mzima, mwenye mgongo, misuli na macho, akakaa juu ya bega la mwanamke.

Ipo hekaya isemayo kwamba alimwona chui huyo katika safari ya Afrika, akapiga kelele za furaha papo hapo. Hekaya za namna hii huuza bidhaa. Bara letu hutumiwa kama pazia la nyuma la jukwaa, wahusika wakuu wakatoka kwingine. Ukweli ulio wazi zaidi ni wa kawaida na una heshima zaidi. Lemarchand alikuwa akienda katika bustani ya wanyama ya Vincennes, iliyofunguliwa pembezoni mwa Paris mwaka 1934, akawatazama wanyama wakitembea, wakilala na kujinyoosha, akawachora. Kazi ile haikuzaliwa na mzuka wa ghafla. Ilizaliwa na kutazama kwa subira, siku baada ya siku, jambo ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulifanya.

Mteja wao mashuhuri kuliko wote alikuwa mtu ambaye historia ya Kenya inamjua. Edward, mrithi wa ufalme wa Uingereza, alizuru nchi hii mwaka 1928 kwa ajili ya uwindaji, akiongozwa na Denys Finch Hatton, akarudi tena mwaka 1930. Shule tunayoiita leo Nairobi School iliitwa Prince of Wales School kwa heshima ya cheo chake. Aliurithi ufalme mwaka 1936 na kuuacha kabla mwaka huo haujaisha, ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa ameachika. Wakabaki na cheo cha Duke na Duchess wa Windsor. Kwa kuwa hakuweza kumvika mkewe taji, alimvika karibu kila kitu kinginecho.

Mwaka 1940 Edward aliagiza bizimu la heroe, ndege yule mwenye miguu mirefu ambaye sisi tumezoea kumwona kwa maelfu katika maziwa ya Bonde la Ufa. Alileta vito vilivyotolewa katika mapambo mengine ya mkewe, na karakana ikavifumua na kuvitunga upya. Mwili wa ndege ulifunikwa kwa almasi, na manyoya ya mkia yakawa ya zumaridi, yakuti nyekundu na yakuti samawati. Akasimamishwa kwa mguu mmoja, kama heroe wa kweli anavyosimama majini. Vito vile vile, katika mikufu na bangili zilizotangulia, vilikuwa vimesema tu kwamba mwenyewe ni tajiri. Vilipopangwa upya vikasema jambo la kuchekesha na la kuvutia ambalo halikuwa limesemwa na yeyote.

Majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris tarehe 14 Juni 1940. Ndugu wa Cartier walikuwa mbali, na Louis mwenyewe alifariki huko New York mwaka 1942. Toussaint alibaki katika mtaa ule ule, akiwa na mafundi wachache, akilazimika kuendesha duka mbele ya macho ya maafisa wa utawala wa kigeni. Huo ndio wakati alipotoa ndege wa tunduni niliyemtaja hapo mwanzo, akawekwa dirishani ambapo kila mpita njia angeweza kumwona. Inasimuliwa kwamba alikamatwa na kuhojiwa na askari wa siri wa Kijerumani kwa sababu ya pambo hilo. Paris ilipokombolewa mwezi Agosti mwaka 1944, karakana ikatoa ndege wa rangi zile zile, lakini safari hii mlango wa tundu ulikuwa wazi, naye amekunjua mabawa, akiimba.

Nakiri kwamba kila niyatazamapo mapambo hayo mawili, siwezi kumsahau yule mteja mashuhuri. Duke wa Windsor alikuwa amezuru Ujerumani mwaka 1937 na kukutana na Hitler, na kwa ziara hiyo alilaumiwa sana. Ajabu ya dunia ndiyo hiyo. Mtu aliyezaliwa katika kasri, aliyefundishwa na walimu bora wa nchi yake, hakuutambua uovu hata alipoupa mkono. Mwanamke asiye na ukoo alimtia ndege wa mawe ndani ya tundu na kumwonyesha adui waziwazi kwamba ametambuliwa.

Baada ya vita kulikuja kazi iliyomfanya Toussaint akumbukwe. Mwaka 1948, kwa agizo la Duke yule yule, karakana ilitengeneza bizimu la chui wa dhahabu mwenye madoa meusi, akiwa ameketi juu ya zumaridi moja kubwa yenye uzani wa karati 116.74. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe hilo lilikaribia gramu 23. Mwaka uliofuata akatokea chui wa pili, wa almasi, mwenye madoa ya yakuti samawati na macho ya almasi za manjano. Huyu aliketi juu ya yakuti samawati kutoka Kashmir yenye karati 152.35, yaani gramu 30 na ushei. Mawe yote mawili hayakukatwa pande nyingi kama ilivyo desturi ya almasi. Yalisuguliwa yakawa laini na ya mviringo kwa juu, mithili ya mawe ya mtoni.

Naomba tuitazame vyema sintaksia ya pambo hilo. Katika desturi ya masonara wengi, jiwe kubwa ndilo mtawala, na dhahabu na almasi ndogo ni watumishi wa kulibeba. Toussaint aliupindua mpangilio huo. Zumaridi ya karati 116, ambayo peke yake ingetosha kumtajirisha mtu, iligeuzwa kuwa kiti cha mnyama. Chui ndiye kiima cha sentensi, na jiwe limeshuka likawa kielezi cha mahali. Watazamaji waliacha kuuliza jiwe hili lina thamani gani, wakaanza kuuliza huyu chui anamtazama nani. Huo, kwa maoni yangu, ndio mchango wake mkubwa. Alionyesha kwamba kito ni kama neno. Neno lililo peke yake katika kamusi lina uwezo wa kumaanisha, lakini halijasema kitu hadi mtu alitie katika sentensi.

Toussaint aliolewa mwaka 1954 na mwungwana mwenye cheo cha Baroni, Pierre Hély d'Oissel, naye alikuwa amepita umri wa miaka 60. Aliendelea na kazi hadi mwaka 1970, akastaafu, na mwaka 1976 akaiaga dunia. Duchess wa Windsor alifariki mwaka 1986. Mwezi Aprili mwaka 1987 mapambo yake yalipigwa mnada mjini Geneva, yakaleta takriban dola milioni 50 za Marekani. Fedha hizo zilikwenda kwa Taasisi ya Pasteur ya Paris, ambayo watafiti wake walikuwa wamevitambua virusi vya UKIMWI mwaka 1983. Baadhi ya vipande vilirudi mnadani London mwaka 2010, na bizimu la heroe peke yake likauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Heroe na chui walioundwa kumridhisha mke wa mtu mmoja waliishia kuchangia elimu ya maradhi yaliyotuangamizia sisi jamaa na majirani. Hakuna aliyewaagiza kwa nia hiyo, lakini faida ilipatikana.

Yamkini msomaji ataniuliza mwalimu wa Voi au Kwale ana haja gani na mabizimu ya matajiri. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba vito si habari ya mbali kwetu. Mwaka 1967 kule Merelani, kaskazini mwa Tanzania, lilipatikana jiwe la buluu lisiloonekana popote pengine duniani. Mwaka huo huo mjiolojia Campbell Bridges aliliona katika nchi hiyo jiwe la kijani lililo adimu, na baadaye akalipata katika eneo la Taita hapa Kenya. Jiwe la kwanza lilipewa jina la tanzanaiti, na la pili likaitwa tsavoraiti kutokana na Tsavo. Tunajivunia majina hayo, lakini waliyoyatoa walikuwa wafanyabiashara wa duka la Tiffany la New York, mnamo mwaka 1968 na 1974. Mawe ni ya ardhi yetu. Majina, sentensi na hadithi zake zimetungwa kwingine, na sehemu kubwa ya faida imewafuata watungaji.

Siwalaumu wageni kwa hilo. Mtu anayetunga sentensi nzuri ana haki ya kusikilizwa. Ninachouliza ni wapi walipo watungaji wetu. Najua wamo madarasani. Yupo mwanafunzi asiyeweza kuchora mstari ulionyooka, lakini ukimpa vitambaa vitatu atakuambia kipi kinapatana na kipi. Yupo asiyepata alama nzuri ya insha, lakini ameketi kando ya ziwa saa nzima akimtazama heroe anavyokunja shingo. Shule humwona huyu kuwa mzembe. Tumejenga mfumo wa kumpima mtoto kwa kile anachoweza kukiandika katika muda wa saa mbili, kisha tunashangaa kwa nini tunachimba vito na kuviuza vikiwa ghafi.

Siwezi kudai kwamba kila mtoto wa namna hiyo ni Toussaint. Nadai tu kwamba mfumo unaomtaka kila mmoja ashike penseli ungalimpoteza Toussaint mwenyewe. Aliokolewa na bahati ya kukutana na mtu mmoja aliyelitambua jicho lake na kumpa kazi, japokuwa familia nzima ilimkataa. Mwalimu mwema anaweza kuwa mtu huyo kwa mwanafunzi wake, bila kuhitaji dhahabu wala almasi. Inamtosha atazame kwa subira, kama Lemarchand alivyowatazama wanyama wa Vincennes, hadi amjue mwanafunzi aliye mbele yake anataka kuwa nini.

Mwaka huu tena nitaionyesha picha ya ndege wa tunduni. Safari hii, baada ya kuwauliza wanafunzi ndege anasema nini, nitawauliza swali la pili: mawe yetu yatasema nini, na ni nani miongoni mwenu atakayeyasemesha?